Ruzuku ya Moto: Nani Awagharamie Wanaojitolea Ufipa?

Moto ukiwaka kwenye nyasi za Ufipa mwezi wa Septemba, wanaofika wa kwanza ni majirani. Mmoja hupiga yowe, mwingine humpigia simu mwenyekiti, na baada ya muda mfupi watu wako mbioni na matawi mabichi, majembe, mapanga na madumu ya maji. Vijana hutangulia mbele ya moto kufyeka, wengine hubaki nyuma kuzima visiki vinavyofuka. Hakuna posho, hakuna buti. Moto ukishazimwa kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na taarifa inayoandikwa huhesabu zaidi vilivyoungua kuliko waliozima.

Marekani, Ujerumani au Chile, watu wanaofanya kazi hiyohiyo wana kikosi kinachotambulika, ghala la vifaa na haki ya kuomba ruzuku ya umma. Hapa Rukwa, katika kata kama Malangali na katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Sumbawanga, fedha ya kuwasaidia watu hawa ingetoka wapi, ingepitia mlango gani, na inunue nini? Niseme mapema ninachoamini. Uchache wa fedha ni tatizo la kweli, lakini yapo mawili yanayolitangulia: fedha iliyopo haina mpokeaji anayetambulika kisheria, na hata ikimfikia, kalenda yake inapishana na kalenda ya moto.

Tuanze na nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, sehemu kubwa ukiwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, nyasi zikakua hadi kumfika mtu kifuani, kisha huja miezi sita ya ukavu na upepo mkali wa kusi. Kufikia Agosti uwanda mzima ni kuni. Cheche inaweza kutoka popote: mkulima anayesafisha shamba, mfugaji anayetaka majani mapya ya ng'ombe wake, mwindaji, mrina asali, mchoma mkaa. Wengi wao hawana nia mbaya, bali upepo huwashinda. Ndiyo maana watu wa misitu wameuita moto kichaa.

Kinachoungua si nyasi tu. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na mazao yaliyovunwa huwa bado majumbani na mashambani wakati ukavu unapokolea. Juu ya mji kuna Msitu wa Hifadhi wa Mbizi, mabaki ya msitu wa milimani wanakoishi mbega wekundu na vinakotoka vijito vingi. Msitu wa aina hiyo haukuzoea moto. Kila kiangazi moto wa nyasi unapoula ukingo wake, nyasi husogea hatua moja ndani, na mwaka unaofuata moto huanzia pale nyasi zilipofika.

Wafipa si wageni wa elimu ya moto. Tanuri ndefu za udongo walizofulia chuma, nyingine zikipita kimo cha mtu, zilihitaji mikono iliyojua kuuongoza moto kwa siku kadhaa. Na katika kilimo walifanya jambo ambalo naliona kuwa kubwa zaidi. Wakati majirani zao wa upande wa Zambia walikata matawi na kuyachoma ili kupata majivu ya kurutubisha ardhi, mkulima wa Ufipa alifukia majani. Mvua zikiwa bado zinanyesha aliyakusanya majani, akayafunika kwa udongo kuwa matuta ya mviringo, yakaoza humo, na msimu uliofuata akayasambaza shambani. Hiyo ndiyo ntumba. Vitabu vya kilimo huisifu kwa rutuba yake, lakini itazameni pia kwa jicho la mzimamoto: kila jani lililofukiwa mwezi wa Machi ni jani ambalo halitawaka mwezi wa Septemba.

Sasa tuje kwenye sheria. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa mikononi mwa halmashauri za miji. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya 2007, iliviweka vyote chini ya jeshi moja la taifa katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Yapo mema yaliyotokana na hatua hiyo: mafunzo ya aina moja, nidhamu moja, namba moja ya dharura, 114, nchi nzima. Lakini kuna matokeo ambayo vijijini yanahisiwa zaidi. Halmashauri ilipoondokewa na jukumu la zimamoto, iliondokewa pia na sababu ya kulitengea fungu. Jeshi nalo, ambalo ndilo lenye jukumu, linaishia mahali gari linapoweza kukaa. Kutoka Sumbawanga hadi Matai wilayani Kalambo ni zaidi ya kilomita 50, na hadi Namanyere wilayani Nkasi ni karibu kilomita 100. Hata dereva awe hodari namna gani, nyasi zenye upepo hazimngoji.

Ndiyo maana naona tahadhari inahitajika tunapozungumza kuhusu magari. Kila panapotokea janga, wazo la kwanza la viongozi na wafadhili huwa gari jekundu. Gari linahitajika kweli, tena sana, kwa soko, kituo cha mafuta, ghala, bweni na ghorofa. Serikali imekopa Dola milioni 100 kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu kwa ajili ya magari na vifaa vya Jeshi, na sina ugomvi na hilo. Ila moto unaopanda miteremko ya Mbizi hauna barabara. Oktoba 2020, moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro na kuteketeza karibu kilomita za mraba 95, waliouzima walipanda kwa miguu: askari wa hifadhi, wazimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na mamia ya wananchi. Huko juu kilichohitajika ni watu wenye chakula, maji, taa, nguo za joto na kiongozi anayejua upepo unakwenda wapi.

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu swali la fedha inunue nini hujibiwa na tabia ya moto wenyewe. Wataalamu wa moto wa nyikani wana kipimo wanachokitumia duniani kote: ndimi za moto zikiwa chini ya takriban mita 1.2, watu wenye zana za mkono wanaweza kuusogelea moto na kuuzima. Zikipita hapo, joto linawafukuza, na mtu anayeng'ang'ania anaumia. Kwa hiyo kikosi cha kijiji, hata kikiwa na watu 50, kinauweza moto mfupi tu. Kazi yake kubwa inapaswa kuwa kuufanya moto uwe mfupi kabla haujaja.

Njia za kuufupisha zinajulikana. Ya kwanza ni barabara za moto: mikanda iliyofyekwa na kuparuliwa kuzunguka mashamba, shule, misitu na makazi. Ya pili ni uchomaji wa mapema, yaani kuchoma vipande vya nyasi mwezi wa Mei au mwanzoni mwa Juni wakati chini bado kuna unyevu, jioni, upepo ukiwa umetulia, ili moto wa Septemba ukifika ukute pameshaungua. Kuhusu hili tuna ushahidi wa karibu nasi. Huko Ndola, Zambia, watafiti walianza miaka ya 1930 kugawa msitu wa miombo katika viwanja: vingine vilichomwa mapema kila mwaka, vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, vingine vilikingwa na moto kabisa. Miaka ilivyopita, viwanja vya moto wa mwishoni vilipoteza miti na kuelekea kuwa nyasi tupu, na vile vya moto wa mapema vilibaki na miti yake. Moto uleule, miezi mitatu au minne tofauti, misitu miwili tofauti kabisa.

Wilayani Kilwa, asasi ya Mpingo Conservation & Development Initiative ililifanyia kazi wazo hilo la kuchoma mapema pamoja na vijiji, kwa fedha za Norway zilizotolewa kwa miradi ya majaribio ya kupunguza hewa ukaa. Ninachokithamini pale ni kwamba fedha ililipia kazi ya mwezi wa Mei, kabla ya moshi.

Kwa hiyo kikosi cha Malangali, au cha kijiji chochote cha uwandani, kikipata ruzuku, orodha yake ingekuwa ya kawaida mno: mafyekeo, reki, vipigio vya mpira, mabomba ya maji ya mgongoni yaliyotengwa kwa moto peke yake (bomba la kupulizia dawa za mahindi lina sumu, lisitumike mahali mtu anapovuta hewa kwa nguvu), buti za ngozi, tochi, filimbi, vocha za simu, chakula cha siku ya kazi, na mafunzo ya siku chache kila mwaka yakiongozwa na askari wa Zimamoto na bwana misitu. Hakuna kitu hapo kitakachozinduliwa kwa kukata utepe. Na sehemu kubwa inaisha: buti huchakaa, mpini huvunjika, kijana aliyefunzwa huhamia Mbeya. Ruzuku ya mara moja hununua vifaa vya mwaka mmoja na kuacha ghala tupu katika mwaka wa tatu. Kikosi kinahitaji fedha ndogo inayojirudia.

Fedha ya namna hiyo ipo wapi? Mlango ulio karibu zaidi ni Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002. Mfuko huu hutoa ruzuku za uhifadhi kwa vikundi, vijiji, asasi na hata taasisi za serikali, kwa viwango vya mamilioni ya shilingi, ambavyo ndivyo kikosi kinavyohitaji. Kuzuia moto kunaingia katika shabaha zake bila kulazimisha. Kikwazo ni andiko la mradi: malengo, viashiria, mchanganuo wa gharama, akaunti ya benki, taarifa za robo mwaka. Watu wanaoweza kuzima moto usiku kucha hawawezi wote kuandika hayo, na si haki kuwatarajia waweze. Afisa misitu na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndio wangekaa nao, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya majukumu yao badala ya kuwa hisani.

Mlango wa pili ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, inayoshusha kamati za maafa kutoka taifa hadi ngazi za chini na kuweka mfuko wake. Uzoefu wa kawaida wa mifuko ya maafa ni kwamba hufunguka baada ya hasara, kwa magodoro, mahema na unga. Sheria yenyewe inazungumzia pia kuzuia na kujiandaa, na upande huo ndio unaostahili kudaiwa.

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hutajwa mara kwa mara katika mazungumzo haya. Haifai. Ni mkopo, unarudishwa kwa faida ya biashara, na kuzima moto wa jirani hakuna faida ya kurudisha.

Mlango wa tatu uko jirani kabisa. Katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, eneo lililokuwa sehemu ya Rukwa hadi 2012, vijiji vinane vinavyoilinda misitu ya Milima ya Ntakata huuza hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha inaingia kwenye akaunti za vijiji, kiasi cha mabilioni ya shilingi, na kutoka hapo vijiji vimejenga madarasa na zahanati na kuwalipa askari wao wa doria msituni. Huu ndio mfano ulio karibu zaidi na kikosi cha kijijini chenye fedha ya kudumu, na haukuanza kama mradi wa zimamoto hata kidogo. Lakini tusiahidiane kisichowezekana: Ntakata ina misitu mikubwa ya vijiji. Uwanda wa Ufipa umebakiza vipande, na sehemu kubwa ya Mbizi ni hifadhi ya serikali. Njia hiyo inafaa kuulizwa, haifai kungojewa.

Njombe na Iringa kuna mfano mwingine. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyofadhiliwa na Finland kuanzia 2014, iliwaunganisha wakulima wa miti katika vikundi, na vikundi hivyo vikafundishwa kulima barabara za moto na kupambana na moto kwa pamoja. Waliofundishwa walikuwa na sababu nzito ya kubaki kikosini, kwa kuwa shamba la miti la mtu ni akiba ya ada za watoto wake. Ukitaka kikosi kidumu, kiunde kuzunguka kitu ambacho wenyewe hawako tayari kukiona kikiungua.

Sasa tufike kwenye jambo la mpokeaji, ambalo Malangali inalionyesha vizuri. (Msomaji asiichanganye na Malangali ya Mufindi yenye sekondari ya siku nyingi.) Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya 1982, halmashauri ya kijiji ni mtu kisheria: inaweza kumiliki mali, kufungua akaunti, kuingia mkataba, kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo kijiji cha Nkasi au Kalambo kinaweza kuomba ruzuku kwa jina lake na kuweka sheria ndogo inayosema nani anachoma lini na kwa kibali gani. Malangali imo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, na katika manispaa ngazi ya chini kwa kawaida ni mtaa. Mtaa una mwenyekiti na kamati, lakini hauna hadhi ile ya kijiji. Sheria ndogo hutungwa na baraza la madiwani, na mali ni ya Manispaa. Mtu anaweza kulima mahindi, kufuga, na kuwa na nyasi za kifuani nyuma ya nyumba yake, akaishi maisha ya kijiji kabisa, huku karatasi zikimwita mkazi wa mji. Mfadhili wa vijijini akimwona wa mjini atampita. Zimamoto wa mjini naye yuko upande wa soko.

Kwa kata za aina hii naona njia mbili. Wanaojitolea wajisajili kama kikundi cha kijamii kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, kiwe na katiba fupi na akaunti, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ikitambue kwa muhtasari wa kikao. Au Manispaa yenyewe iombe kwa niaba ya kata kadhaa, vifaa vikae kwenye ofisi za kata. Njia ya pili ni rahisi kwa mfadhili, ila ina hatari moja: vifaa vinavyomilikiwa na mji huenda vikafungiwa mjini. Ningechagua ya kwanza, ingawa ni ya taratibu.

Wenzetu wameshapita kwenye ugumu huu. Marekani, ambako wengi wa wazimamoto ni wa kujitolea, kuna ruzuku ya Idara ya Misitu kwa vikosi vya miji midogo yenye watu wasiozidi 10,000, iliyotokana na sheria ya 1978, ambapo kikosi huchangia nusu. Kuna nyingine kubwa zaidi iliyoanza 2001, na humo kikosi kinachohudumia watu wasiozidi 20,000 huchangia asilimia 5 tu, wakati miji mikubwa huchangia hadi asilimia 15. Anayeishi pembezoni anadaiwa kidogo kwa sababu ana kidogo. Afrika Kusini walikwenda njia tofauti: kuanzia 2003, kupitia mpango wa ajira za umma, programu ya Working on Fire imeajiri maelfu ya vijana wa jamii maskini, ikawafunza na kuwalipa. Kwetu, mchango wa kikosi unaweza kuhesabiwa kwa nguvu za wananchi, kama tunavyofanya kwenye madarasa. Watu 20 wakifanya kazi ya barabara za moto siku 8, tukikadiria kibarua kwa shilingi 5,000, wamechangia shilingi 800,000 kabla mfadhili hajatoa hata senti.

Kisha kuna kalenda, na hili sijaona likizungumzwa inavyostahili. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kazi ya kuzuia moto inapaswa kufanyika Mei na Juni, miezi ambayo mafungu yamekauka na maofisa wanafunga vitabu. Moto wenyewe huja Agosti hadi Oktoba, robo ya kwanza na mwanzo wa ya pili, wakati fedha za mwaka mpya mara nyingi bado zinasubiriwa. Fedha hukolea kuanzia Desemba na kuendelea, mvua zikiwa zinanyesha na hakuna kinachowaka. Kwa hiyo hata halmashauri yenye nia njema ikiandika fungu la moto kwenye bajeti, fungu hilo litatumika kununua kitu kisichohitajika wakati huo au litahamishiwa kwingine. Dawa yake ni nyepesi ikiandikwa mapema: fedha ya moto itolewe kabla ya Machi kuisha, vifaa viwe ghalani Aprili, na kiasi cha chakula cha Mei na Juni kiwe kimeshaingia akaunti ya kikundi ili kufungwa kwa mwaka kusikiguse. Maandalizi ya bajeti ya halmashauri hufanyika kiangazi kinapoisha na mvua zinapoanza. Kata inayotaka fungu hilo inapaswa kulipeleka wakati huo, taarifa za moto wa mwaka zikiwa bado mkononi.

Moto wa kijijini si wa nyasi tu, na mabweni yanahitaji neno lao peke yake. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni katika Shule ya Sekondari Idodi, vijijini Iringa. Moto wa bweni huua kwa dakika, na kwa umbali wa vijiji vyetu gari litafika kuwatafuta waliokufa. Kikosi cha kujitolea kilicho jirani na shule kingeweza kufundishwa kazi ndogo za kuokoa maisha: kukagua kama milango inafungukia nje, kama madirisha yana nondo zisizotoka, kama mlinzi wa usiku ana ufunguo na tochi, kama kuna ndoo za mchanga. Ruzuku yoyote ya moto kijijini ingepaswa kuwa na shule ndani yake.

Limebaki swali la anayeumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamlinda mwajiriwa, na anayejitolea hana mwajiri. Akiungua miguu, akianguka korongoni, akavuta moshi hadi kifua kikabana, matibabu yake ni juu ya familia yake, ileile ambayo shamba lake huenda halikuwa hatarini, kwani alikuwa akiokoa la mwingine. Bima ya afya ya jamii iliyoboreshwa ilipangwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwa kiwango hicho, kuzikatia bima kaya za watu 20 wa kikosi kungegharimu shilingi 600,000, pungufu ya thamani ya kazi yao ya siku 8. Andiko lolote litakaloandikwa Malangali, Matai au Namanyere lianze na mstari huo, kabla ya buti na kabla ya mabomba, na mfadhili atakayeukata aulizwe kwa maandishi nani atamtibu mtu huyo.